Zimamoto wa Kujitolea na Zimamoto wa Mshahara: Unachagua Nini Hasa?

Chukua jimbo la Pennsylvania, Marekani. Moto ukizuka Philadelphia, wanaokuja ni waajiriwa wa jiji. Ukizuka kwenye mji mdogo ulio mwendo wa saa mbili kutoka hapo, wanaokuja ni fundi magari, mwalimu wa shule, wakala wa bima na kijana wa miaka 19 anayebeba mizigo ghalani. Makoti ni yaleyale, helmeti ni zilezile, mitungi ya hewa mgongoni ni ileile. Ukiwapiga picha wakiwa kazini hutajua nani atapokea mshahara mwisho wa mwezi na nani ameacha gari la mteja likiwa juu ya jeki.

Kwa hiyo swali la "yupi ni zimamoto wa kweli" tuliache. Halimsaidii anayetaka kujiunga, wala halimsaidii anayetaka kujua nani atakuja nyumbani kwake usiku wa manane. Tofauti iliyo na uzito ni hii: mmoja analipwa kusubiri, mwingine halipwi. Zimamoto wa mshahara hulipwa zaidi kwa zile saa ambazo hakuna kinachoungua. Yuko kituoni, gari lina mafuta, mipira ya maji imekaushwa na kukunjwa, anapika, analala nguo zikiwa karibu na kitanda. Wa kujitolea hafiki kituoni mpaka aitwe. Kusubiri kwake kumo ndani ya maisha yake mengine, na hakuna anayekulipia. Ukilishika hilo, tofauti nyingine karibu zote, kuanzia dakika na idadi ya watu hadi mafunzo na maisha ya nyumbani, utaziona zinatoka hapo.

Nimeifanya Marekani kuwa mfano mkuu kwa sababu huko aina zote mbili zinaishi pamoja kwa wingi. Mwaka 2020 nchi hiyo ilihesabiwa kuwa na wazimamoto zaidi ya milioni moja, na karibu theluthi mbili yao ni wa kujitolea. Isitoshe, wapo wazungumzaji wengi wa Kiswahili waliohamia huko kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, na katika miji midogo hukutana na bango mbele ya kituo likitafuta watu wa kujitolea, bila kujua wakiingia wanaingia kwenye nini.

Dakika

NFPA, shirika la Marekani linalotunga viwango vya usalama wa moto, lilitoa viwango viwili mwaka 2001: kimoja kwa idara za waajiriwa, kingine kwa idara za kujitolea. Baada ya marekebisho ya baadaye, kwa waajiriwa, tangu king'ora cha moto kilie hadi gari liondoke ni sekunde 80, na gari la kwanza litumie dakika 4 barabarani, likiwa na watu wanne. Lengo hilo litimie mara tisa katika kila kumi. Kwa wa kujitolea, mjini wafike watu 15 ndani ya dakika 9, pembezoni mwa mji watu 10 ndani ya dakika 10, na mashambani watu 6 ndani ya dakika 14.

Watu husoma namba hizo wakalinganisha 4 na 14 kisha wakashtuka. Tahadhari: havipimwi vitu sawa. Kiwango cha kwanza kinapima gari moja kufika, cha pili kinapima watu kukusanyika. Hata hivyo pengo lipo, na halitokani na uvivu wa mtu yeyote. Wa kujitolea anapoitwa saa nane usiku, kwanza anaamka, anavaa suruali, anatafuta funguo, anaendesha gari lake mpaka kituoni akisimama kwenye taa nyekundu kama raia mwingine, anavaa koti la moto, anangoja mwenzake mwenye leseni ya gari kubwa afike. Mwenzake wa Philadelphia wakati huo ameshaondoka kituoni.

Dakika hizo zina thamani kubwa leo kuliko zamani. Maabara ya UL ya Marekani iliwasha moto katika sebule mbili za majaribio, moja ikiwa na fanicha za zamani za mbao na pamba, nyingine ikiwa na sofa za sponji na vitu vya plastiki. Sebule ya zamani ilichukua zaidi ya dakika 29 kabla chumba kizima kulipuka moto kwa pamoja. Ya kisasa haikumaliza hata dakika 5. Maana yake, kwenye nyumba za sasa kuna mioto ambayo hata waajiriwa wakiwahi watakuta chumba cha kwanza kimekwisha, na wa kujitolea watakuta wanapigania nyumba ya jirani. Kengele ya moshi ya bei ndogo darini hufanya kazi ambayo hakuna idara, ya aina yoyote, inayoweza kuifanya.

Lakini usiilinganishe idara ya kijiji na ile ya Philadelphia. Ilinganishe na kile ambacho kijiji kingekipata badala yake. Kituo cha kujitolea kikifungwa, mara nyingi hakiji cha waajiriwa mahali pake. Linabaki gari la mji wa jirani, kilomita 20 au 30. Hapo yule fundi magari anayeishi mtaa wa pili anakuwa na kasi kuliko mwajiriwa yeyote.

Kuna udhaifu mmoja wa kujitolea ambao haumo kwenye mabango: mchana. Usiku wanachama wako nyumbani, karibu na kituo. Saa nne asubuhi ya Jumanne wengi wako kazini katika mji mwingine, na peja, kile kifaa kidogo cha kuwaitia, inalia watu wawili tu wakiwa karibu. Idara hiyohiyo inayotoa watu 12 usiku inaweza kutoa watu watatu mchana. Ukitaka kujua uimara wa idara ya kujitolea, uliza wanafika wangapi siku ya kazi, saa za kazi. Mengine ni mapambo.

Wangapi mlangoni

Sheria ya OSHA, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama kazini, inataka wawili wanaoingia ndani ya jengo lenye moshi wawe na wawili wengine nje, tayari kuwafuata wakizidiwa. Ruhusa ya kuikiuka ipo pale tu ambapo kuna maisha ya mtu ya kuokoa. Gari la waajiriwa wanne linatimiza sharti hilo peke yake. Gari la kujitolea likifika na watu wawili, kiongozi anasimama na mpira wa maji mkononi akimwaga maji dirishani, akisubiri wengine. Wenye nyumba hukasirika wakiona hivyo. Wangejua sheria wasingekasirika, ila uchungu wa kuona nyumba inaungua hausikilizi sheria.

Na usidhani mshahara unamaliza tatizo hili. Zipo idara nyingi za waajiriwa ambazo, kwa kubana bajeti, hutuma gari na watu watatu. Hao nao wanasubiri gari la pili.

Pesa, na nani anayeitoa

Mwaka 2023 mshahara wa kati wa zimamoto Marekani ulikuwa kama dola 57,000 kwa mwaka: nusu yao wanapata zaidi ya hapo, nusu pungufu. Majiji makubwa ya pwani hulipa zaidi sana, miji midogo ya kusini hulipa kidogo. Juu ya mshahara kuna bima ya afya ya familia, na pensheni ambayo, kwa sababu kazi inachosha mwili, kwa kawaida huanza mapema kuliko ya mfanyakazi wa ofisini. Ukiuliza wazee wa kazi hiyo, pensheni na bima ndizo zilizowaweka.

Wa kujitolea hapati mshahara, lakini si kweli kwamba daima hapati kitu. Sheria ya kazi inaruhusu apewe posho ndogo, na serikali imeweka mstari: isizidi asilimia 20 ya kile ambacho mwajiriwa angelipwa kwa kazi hiyohiyo. Ikizidi hapo, amekuwa mfanyakazi, na idara inawiwa kumlipa kima cha chini na saa za ziada. Kwa hiyo utakuta idara inayotoa dola chache kwa kila mwito, nyingine inayoweka akiba ya uzeeni kidogokidogo kwa wanaotimiza pointi za mwaka za kuhudhuria miito na mazoezi, na baadhi ya majimbo yanayopunguza kodi ya nyumba. Kwa upande wa pili, mafuta ya gari lake ni yake, na jioni za mazoezi ni zake.

Halafu kuna jambo ambalo mwajiriwa hulisahau. Mwajiriwa haombi pesa ya gari, jiji linanunua. Idara nyingi za kujitolea hujichangisha. Seti moja ya nguo za moto ni maelfu ya dola, gari jipya la pampu mara nyingi linapita nusu milioni, na pesa inatafutwa kwa kuchoma kuku Jumamosi, kuuza chapati za maji asubuhi ya Jumapili, kuchezesha bingo. Mkenya ataielewa haraka: ni harambee isiyokwisha. Wapo wanaojiunga wakidhani watakimbizana na moto, wakajikuta mwaka wa kwanza wamekata vitunguu kuliko walivyoshika mpira wa maji.

Chile wamekwenda mbali zaidi. Huko wazimamoto wa mijini wote ni wa kujitolea, tangu kikosi cha kwanza kilipoundwa Valparaíso mwaka 1851, na mwanachama hulipa ada. Daktari, mwanasheria na mwanafunzi wanatoa pesa mfukoni ili wapate kibali cha kuingia kwenye moto, na kazi hiyo ina heshima kubwa mjini. Lakini hata huko, mioto ya misitu inapigwa na vikosi vinavyolipwa kwa msimu, kwa kuwa msitu unaweza kuungua wiki tatu na hakuna mwajiri atakayemwachia mtu wake muda wote huo.

Ujuzi

Kwenye karatasi, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Cheti cha msingi kinafuata kiwango kilekile cha NFPA, na majimbo mengi humpa mtihani uleule mwajiriwa na wa kujitolea. Kinachotofautiana ni njia ya kukifikia. Mwajiriwa mpya wa New York hukaa wiki 18 chuoni, kila siku, akilipwa. Wa kujitolea husoma jioni mbili kwa wiki na Jumamosi nzima, kwa miezi, baada ya kutoka kazini, na hapo ndipo wengi wanapokatia tamaa.

Kuingia pia si sawa. Idara nyingi za mshahara zinataka upite jaribio la mwili liitwalo CPAT: hatua nane mfululizo ndani ya dakika 10 na sekunde 20, ukiwa umevaa fulana ya kilo 22 na ushei, na kwenye ngazi unaongezewa kilo 11. Kuna mtihani wa kuandika, uchunguzi wa historia yako, na foleni ya majina inayoweza kuchukua miaka. Nyingi zinataka uraia au ukaazi wa kudumu, kwa hiyo mgeni asome masharti kabla ya kununua viatu vya mazoezi. Idara ya kujitolea mara nyingi inahitaji ukaguzi wa rekodi ya polisi, daktari, na kura ya wanachama.

Baada ya cheti, ndipo kusubiri kunaporudi kwenye hesabu. Mwajiriwa akiwa hana mwito anafanya mazoezi: ngazi, mafundo, kutafuta mtu gizani. Zamu moja ya jiji lenye shughuli inaweza kumpa miito mingi kuliko kijiji kinavyoipata kwa wiki kadhaa. Mikono inazoea kwa kurudia, na wa kujitolea hana mahali pa kurudia isipokuwa usiku wa mazoezi. Mimi hapa nampa mwajiriwa ushindi bila kusita, ila kwa sharti moja: kijijini kuna mambo ambayo wa kujitolea huyajua na wa jiji hayajui. Anajua bwawa lipi lina maji kiangazi, daraja lipi halibebi gari la tani 20, na ghala la nani lina mbolea.

Aina zote mbili zinakutana kwenye jambo moja linalowashangaza wageni: moto ni sehemu ndogo ya kazi. Karibu theluthi mbili ya miito ya idara za zimamoto Marekani ni ya kitabibu: mzee ameanguka, mtu ameshikwa na kifua, kijana amezidisha dawa. Ndiyo sababu idara nyingi za mshahara zinadai cheti cha huduma ya dharura ya kitabibu kabla hata ya kukuajiri. Asiyeweza kukaa sakafuni na mama anayelia juu ya mwili wa mwanawe aitafakari kazi hii upya, awe atalipwa au asilipwe.

Mwili na nyumba

Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Halikutenganisha mwenye mshahara na asiye nao. Lakini maisha yao yanawatenganisha. Mwajiriwa huacha koti lake kituoni, na vituo vingi sasa vina mashine za kufulia za kazi hiyo. Wa kujitolea wengi hubeba koti ndani ya gari lao ili wawahi, koti lenye masizi likikaa nyuma ya kiti cha mtoto. Ukijiunga, hilo lipige marufuku siku ya kwanza, hata wenzako wakicheka.

Muuaji mkubwa kazini, kwa miaka mingi, amekuwa moyo kuliko miali. Mtu wa miaka 55 aliyekaa dawatini siku nzima, peja ikilia anaruka, anabeba kilo 30 za vifaa kupanda kilima. Wa kujitolea wana wazee wengi zaidi, kwa hiyo jambo hili linawahusu zaidi. Sheria ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 1976 ya fidia kwa familia za wanaofia kazini inawahusu wote wawili kwa usawa, na tangu 2003 imehusisha pia moyo unaosimama muda mfupi baada ya mwito mzito. Tofauti iko kwenye mtu aliyeumia bila kufa. Mwajiriwa ana likizo ya ugonjwa yenye malipo. Wa kujitolea aliyevunja mguu kwenye moto ana bima ya idara, lakini karakana yake imefungwa na wateja wanakwenda kwingine.

Kuhusu nyumba, zamu za mwajiriwa Marekani mara nyingi ni saa 24 kazini na 48 nje. Mke au mume analala peke yake usiku mmoja kwa kila mitatu, na Krismasi ikiangukia zamu, imeangukia. Lakini inajulikana mapema. Wa kujitolea yuko nyumbani kila usiku, na anaweza kuondoka dakika yoyote, katikati ya harusi ya dada yake. Zipo familia zinazoona ya kwanza ni nafuu.

Kwa nini wengine wakaanza kulipwa

Wamarekani hawakuanza na mshahara. Benjamin Franklin aliunda kikosi cha kujitolea Philadelphia mwaka 1736, na kwa zaidi ya miaka mia hivyo ndivyo miji ilivyolindwa. Pampu za wakati huo zilisukumwa kwa mikono, zikihitaji makumi ya wanaume wa kupokezana, na jiji lisingeweza kuwalipa wote hao. Vikosi vikawa pia vyama vya mtaa vyenye ushindani mkali, na ugomvi wa ngumi barabarani haukuwa jambo geni. New York, William Tweed aliongoza kikosi cha kujitolea cha Americus namba 6 kabla ya kuwa bwana mkubwa wa siasa chafu za jiji hilo. Kura zake za mwanzo zilitoka kituoni.

Mabadiliko yalikuja na mvuke. Tarehe 1 Aprili 1853 Cincinnati ilianzisha idara ya kulipwa kikamilifu, ikitumia mashine ya mvuke kusukuma maji. Mashine ilifanya kazi ya umati wa watu kwa kuhitaji wachache, lakini wachache hao ilibidi wawepo muda wote: boila itunzwe, farasi walishwe na wawe tayari usiku na mchana. Hapo ndipo kusubiri kulipoanza kuwa kazi yenye mshahara. New York ikafuata mwaka 1865.

Mashambani hawakuweza, na hawajaweza mpaka leo, kwa sababu mwito mmoja kwa wiki hauwezi kubeba mishahara ya watu 20. Ila msingi wa kujitolea unabomoka. Pennsylvania ilikuwa na wa kujitolea wapatao 300,000 miaka ya 1970. Ripoti ya bunge la jimbo ya 2018 ilisema wamebaki kama 38,000. Watu wana kazi mbili, wanafanya kazi mbali na wanapolala, na masharti ya mafunzo yameongezeka. Hakuna wa kumlaumu hapo, lakini anayenunua nyumba kijijini ajue namba hiyo.

Walio katikati

Chaguo si mawili tu. Uingereza wana wazimamoto wa kuitwa: wanalipwa kiasi cha kudumu kwa mwaka kwa kuwa tayari, kisha kwa kila mwito, na sharti lao kuu ni kuishi au kufanya kazi kama dakika tano kutoka kituoni. Hao wanalipwa sehemu ya kusubiri. Marekani zipo idara mchanganyiko, waajiriwa wachache mchana wa siku za kazi, wa kujitolea usiku na wikiendi. Kwa miji ya kati, naona huo ndio mpango wenye akili zaidi, kwa kuwa unaziba lile tundu la mchana.

Ujerumani wamelishughulikia kwa sheria. Wana wa kujitolea karibu milioni moja, na waajiriwa wako hasa katika miji yenye wakazi zaidi ya 100,000. Mwajiri analazimika kumwachia mfanyakazi wake aende kwenye mwito bila kumkata mshahara, na kwa mwajiri binafsi manispaa humrudishia. Mji ukikosa wa kujitolea wa kutosha, sheria inaruhusu kuwaandikisha wakazi kwa lazima; kisiwa cha Sylt kimewahi kufikia hapo. Austria nzima ina miji sita tu yenye idara ya waajiriwa: Vienna, Graz, Linz, Salzburg, Innsbruck na Klagenfurt. Kwingine kote ni kujitolea, na hakuna anayewaona ni wasaidizi.

Afrika Mashariki

Tanzania Bara, zimamoto ni askari. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linaendeshwa kwa sheria ya mwaka 2007, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, lina vyeo, mshahara wa serikali na namba ya dharura 114. Kenya, katiba ya 2010 iliiweka huduma hiyo mikononi mwa kaunti. Mijini zipo pia kampuni za ulinzi zenye magari yao ya zimamoto kwa wateja wanaolipia. Kwa hiyo kijana wa Dodoma au Nakuru anayetaka kazi hii kwa kawaida hana uamuzi wa kujitolea au kulipwa: anangoja tangazo la ajira na kutazama masharti ya umri na elimu.

Lakini kujitolea kupo, tena kila siku, bila kanzidata wala nguo za moto. Mtaa mzima wenye ndoo na mchanga hufika kabla ya gari. Oktoba 2020 Kilimanjaro ilipoungua karibu kilomita za mraba 95, mamia ya wananchi walipanda mlima kusaidiana na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye abiria 39 na wafanyakazi wake wanne ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walifariki, 24 wakanusurika. Mmoja wa wavuvi hao, Majaliwa Jackson, Rais Samia aliagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Habari nzuri kwake. Mimi ningependa kusikia pia kuhusu wavuvi waliobaki: kwamba kila mwalo ulio karibu na uwanja wa ndege una watu waliofundishwa, kamba, redio, na bima ya siku wakiumia. Hicho ndicho Ujerumani na Chile wanacho: ule moyo ambao sisi tayari tunao, ila wa kwao umeandikishwa, umefundishwa na umekatiwa bima.

Basi uchague vipi

Kama unahitaji kazi ya kulisha familia, usiingie kwenye kujitolea ukitumaini kwamba itageuka kuwa mshahara. Wakati mwingine hugeuka, kwa kuwa vyeti vinahesabika na mapendekezo ya mkuu wa kituo yana uzito, lakini idara kubwa zina foleni yake na mtihani wake. Nenda moja kwa moja kwenye mtihani, na wakati unasubiri chukua cheti cha dharura ya kitabibu, kwa sababu hicho kinakupa kazi ya gari la wagonjwa hata zimamoto wasipokuita.

Kama una kazi yako na unaishi dakika chache kutoka kituo cha mji mdogo, kujitolea kunakufaa kuliko unavyofikiri, hasa ukiwa mgeni. Ni njia ya haraka ya kujuana na mji, na idara yenye watu wanaosema Kiswahili huelewana na mama wa Kikongo aliyeko ghorofani bila kutafuta mkalimani saa tisa usiku. Kama kazi yako ni ya mbali na unarudi usiku umechoka, au mwenzi wako nyumbani hajakubali, usijaribu bado. Idara hukata tamaa na mwanachama asiyefika kuliko na aliyekataa.

Aliyekwisha ajiriwa na bado anataka kujitolea ajue mambo mawili. Sheria ya kazi ya Marekani hairuhusu kujitolea kwa mwajiri wako yuleyule kwa kazi ileile. Na chama cha wafanyakazi, IAFF, hakipendi wanachama wake wanaojitolea kwingine kwenye kazi ambayo wengine wanataka walipwe. Urafiki umevunjika kwa ajili hiyo.

Idara nyingi za kujitolea zina usiku mmoja wa mazoezi kwa wiki na hawamfukuzi mgeni anayekuja kutazama. Nenda. Uliza wanafika wangapi saa nne asubuhi siku ya kazi. Uliza nani analipa ukivunjika mguu, na kwa miezi mingapi. Uliza makoti yanafuliwa wapi. Kisha tazama kama mkuu wa kituo anajibu kwa namba au kwa hadithi.